Pumzi ya Kutoka Ndiyo Yenye Kazi

Mama mmoja alifika kwetu Kisumu mwezi wa tatu, mvua za masika zikianza. Aliketi ukingoni mwa kiti, mikono ameikita magotini, mabega yamepanda karibu na masikio. Akasema maneno mawili tu: "Hewa haiingii." Makosa mengi tuliyoyafanya wiki mbili zilizofuata yalitokana na kuyachukua maneno hayo kama yalivyo. Hewa ilikuwa ikiingia. Haikuwa ikitoka.

Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaoanza kazi ya fiziotherapia, na zaidi kwa jamaa za wagonjwa, maana wao ndio wanaolipa na wao ndio wanaoamshwa usiku kikohozi kikizidi. Mgonjwa mwenyewe ameridhia yaelezwe, mradi jina lake lisitajwe. Ana miaka 61. Kwa zaidi ya miaka 20 amekausha samaki kwa moshi wa kuni na kuwauza soko la Kibuye. Miaka tisa kabla ya kuja kwetu aliugua kifua kikuu, akameza dawa miezi 6 hadi akapona. Kupona huko hakukurudisha mapafu yalivyokuwa. Makovu hubaki, njia za hewa huachwa zimepinda na kulegea, na moshi wa kila siku ukiongezwa juu yake, mtu huanza kutweta kwa kazi aliyokuwa akiifanya huku akiimba.

Alikuwa tayari amepitia miezi mitatu ya kukandwa na kuchuliwa kwa mafuta ya mkaratusi mahali pengine, mara mbili kwa wiki, shilingi 500 kila mara. Hizo ni shilingi 12,000 bila nauli. Katika muda wote huo hakuna aliyemwuliza makohozi yake yana rangi gani, wala aliyemtuma kupima. Kikohozi kikipita wiki mbili, jambo la kwanza ni kupima kifua kikuu, na katika vituo vya serikali hapa Kenya kipimo hicho na dawa zake ni bure. Yeye alianza na cha kulipia, cha bure kikangoja. Kama kifua kikuu kingekuwa kimerudi, miezi hiyo mitatu ingewatosha wajukuu wanaolala naye chumba kimoja kuambukizwa.

Kwa hiyo kabla ya mkono wowote kugusa kifua: makohozi yapimwe, eksirei ipigwe, na ikiwezekana apulize kwenye spirometa, kifaa kinachopima hewa inavyotoka mapafuni. Kwake makohozi hayakuwa na kifua kikuu, eksirei ikaonyesha makovu ya zamani, na spirometa ikaonyesha njia zilizobanwa ambazo dawa ilizifungua kidogo tu. Kisha mwombe mgonjwa amwage mfuko wake wa dawa mezani. Humo tulikuta prednisoloni aliyokuwa akijinunulia dukani mwaka mzima kwa sababu "inafungua kifua". Inafungua, lakini ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa. Mgonjwa wa namna hiyo hapigwi mgongo, hanyooshwi uti kwa kishindo mpaka ulie, wala mbavu zake hazisukumwi na kuachiliwa ghafla. Mbavu inaweza kuvunjika kwa kukohoa tu, sembuse kwa viganja vya mtu mwenye kilo 80. Na asiache dawa hiyo kwa siku moja. Mwili uliozoea hauwezi kuikosa ghafla, daktari ndiye wa kuipunguza taratibu.

Aliyewahi kuugua kifua kikuu, kisha akawa na maumivu ya mgongo yasiyoisha, uti wake upigwe picha kwanza. Ugonjwa huo huingia kwenye pingili za mgongo, na mikono ikitangulia picha inaweza kumlemaza mtu.

Hesabu ya pumzi ilikuja baadaye. Tulimshika kifundo cha mkono kana kwamba tunapima mapigo, tukahesabu kifua kikipanda kwa sekunde 60 nzima. Mtu akijua unamhesabu, hubadilisha. Alikuwa kwenye 28, wakati mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 12 na 20. Kifaa cha kidoleni, kile kinachopima oksijeni kwenye damu, kikasoma asilimia 92. Kucha zenye hina au rangi nzito hukidanganya kifaa hicho, basi tafuta kidole kisicho na kitu. Ukumbuke pia ulipo: Kisumu iko mita 1,100 na ushee juu ya bahari, Nakuru inakaribia 1,850, na mgonjwa akisafiri kwenda kuwasalimu watoto huko, nambari itashuka kidogo bila ugonjwa kuzidi.

Siku ile ya kwanza nilimlaza chali ili nifikie mbavu zake vizuri, nikamwambia, "Mama, vuta pumzi ndefu. Tena. Tena." Pumzi ya tano midomo ilianza kumwasha kwa ganzi, kichwa kikazunguka, akaniita, "Daktari, nakufa," akajaribu kuamka kwa nguvu. Makosa yalikuwa matatu kwa mpigo.

Kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, kwa mtu mzima wa afya huwa kama sufuria iliyofunikwa kifudifudi. Kikishuka, hewa huingia. Kwa aliyejaa hewa iliyokwama, sufuria hiyo imekwisha kubonyezwa ikawa kama sahani. Haina pa kushuka. Ukimwagiza avute zaidi, anaongeza hewa juu ya hewa, mabega na shingo ndivyo vinavyofanya kazi, na kila pumzi inakuwa fupi kuliko iliyotangulia. Hilo ni moja. La pili, pumzi kubwa za mfululizo hufukuza kaboni dioksidi kupita kiasi, mishipa ya damu ya kichwani hubana, ndipo kizunguzungu na ganzi vinapokuja. Na ule mkao wa chali ukaruhusu matumbo yamlemee kwenye kiwambo ambacho tayari kimechoka.

Mkao uliomfaa ni wa kuketi na kuinama mbele, mto mezani, mikono na kichwa vimelala juu ya mto, miguu yote chini. Tumbo linapoinama husukuma kiwambo kirudi juu kidogo, kikapata nafasi ya kushuka, na mikono ikiwa imetulia mahali pamoja, misuli ya shingo na kifua hupata pa kushikilia. Kama hakuna meza, aegemee ukuta au kizingiti cha mlango, au aketi na viwiko magotini. Sokoni sasa huegemea mkokoteni.

Katika mkao huo ndipo mikono yetu ilipoanza kuwa na maana. Tulianza na shingo: vidole vitatu bapa, si kidole gumba, kwenye misuli ya pembeni inayoteremka hadi kwenye mtulinga, upande mmoja kwanza, kisha mwingine. Usizishike pande zote mbili za shingo kwa pamoja wala usibonyeze mbele panapopiga mshipa, mtu anaweza kuzimia. Nguvu yenyewe ni ya kufanya ncha ya kidole chako ibadilike rangi kidogo, basi. Kwa wanaojifunza huwapa mizani ya jikoni waibonyeze mpaka mkono ujue kilo moja hadi mbili ni kiasi gani. Wengi hushangaa kuona walikuwa wakitumia saba.

Dakika tano za shingo, tano za mabapa ya mabega, kisha mbavu. Nyama iliyo katikati ya mbavu huchuliwa kwa ncha za vidole kutoka mgongoni kuja ubavuni, ukifuata mteremko wa ubavu wenyewe, kuanzia ubavu wa sita hadi wa kumi. Kwake nyama hiyo ilikuwa ngumu kama kamba iliyolowa ikakauka. Mwishoni viganja vyote viwili hukaa kwenye mbavu za chini, vidole gumba vikielekea uti wa mgongo, na hapo hufanyi jambo lolote isipokuwa kufuata. Mbavu zinaposhuka na kuingia ndani, mikono inashuka nazo, na katika theluthi ya mwisho ya pumzi ya kutoka unaongeza uzito mdogo, kama wa mkono uliolala. Anapovuta, unaachia bila kuinua viganja. Pumzi nane hadi kumi, kisha apumzike. Anayeshika asimtangulie mgonjwa. Ukibonyeza kabla hajaanza kutoa, atakupinga, na misuli uliyoilegeza dakika 10 zilizopita itakaza upya.

Baada ya dakika 20 za namna hiyo hesabu yake ilishuka kutoka 28 hadi 22, na mabega yakashuka. Alifurahi, binti yake akafurahi, nasi tukafurahi tukamruhusu aende. Kesho yake aliporudi alikuwa kwenye 27. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tunarudia kosa la yule aliyetutangulia, ila kwa ustadi zaidi. Mikono haifungui njia za hewa wala haiondoi kovu. Inalegeza misuli iliyochoka kwa kufanya kazi isiyo yake, na ulegevu huo hudumu saa chache. Thamani yake ni kwamba katika saa hizo mgonjwa anaweza kujifunza pumzi mpya ambayo asingeiweza mabega yakiwa masikioni. Ukimkanda bila kumfundisha, umemwuzia nafuu itakayokwisha kabla hajafika stendi.

Kuanzia wiki ya pili kila kukanda kulifuatwa papo hapo na kufundisha. Pumzi ya kwanza ni ile ya kupoza uji. Mdomo umefungwa, anavuta kwa pua taratibu akihesabu moja, mbili. Kisha anasukuma midomo mbele kama anayetaka kupiga mluzi na kupuliza moja, mbili, tatu, nne. Tuliweka mshumaa mbele yake kwa umbali wa mkono: mwali uiname, usizimike. Ukizimika, anapuliza kwa nguvu mno, na nguvu ndiyo adui hapa, kwa sababu msukumo wa ghafla kutoka nje ya njia za hewa zilizolegea huzibana zikafunga na hewa nyuma yake. Midomo iliyokunjwa hurudisha msukumo mdogo ndani, njia zikabaki wazi mpaka mwisho. Makosa ya kawaida ni kujaza mashavu hewa, kuvuta kwa mdomo, na kujilazimisha kukamua hadi tone la mwisho. Asikamue. Akifika nne na bado ana hewa, aiache. Pumzi tano, anapumzika kwa kupumua kawaida, kisha tano tena, mara tatu, na hivyo mara nne kwa siku. Nimewaona wengine wakiwapa wagonjwa dakika kumi mfululizo. Huchoka, huogopa, na wiki inayofuata hawafanyi tena.

Tulijaribu pia pumzi ya tumbo, maana ndiyo inayofundishwa kila mahali: mkono mmoja kifuani, mmoja juu ya kitovu, tumbo lipande. Wengi huwafaa, hasa wenye pumu isiyo kali na wanaopumua haraka kwa hofu. Kwake ilikuwa mateso. Tazama mbavu za chini mgonjwa anapovuta. Zikienda nje, endelea. Zikiingia ndani, kama zinavyonyonywa, jua kiwambo kimebapa kiasi kwamba kinazivuta badala ya kuzitanua, na somo la tumbo litamwongezea kutweta. Sisi tulikomaa nalo siku nne tukidhani hajaelewa. Alikuwa ameelewa vizuri kabisa.

Makohozi yalihitaji utaratibu wake. Dakika 15 kabla, inhela ya bluu, ile dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa. Alikuwa akijipulizia ulimini na kumeza, bila hata kuitikisa, na dawa haikufika popote. Tulimtengenezea chupa ya plastiki ya nusu lita, ikatobolewa kitakoni kwa waya uliopashwa moto, tundu likiwa na umbo la mdomo wa inhela, pembeni pakazibwa kwa utepe. Anatikisa, anabonyeza mara moja, anapumua kawaida mara tano kupitia mdomo wa chupa, anangoja nusu dakika, ndipo anabonyeza ya pili. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe. Ukiisugua kwa kitambaa, plastiki hupata chaji ya umeme na dawa hunata ukutani.

Dawa ikishafanya kazi: pumzi tano au sita za utulivu, kisha pumzi tatu za kutanua mbavu, akishikilia sekunde tatu kila mara ili hewa ijipenyeze nyuma ya makohozi. Arudi kwenye utulivu. Kisha aseme "haaa" bila sauti, mdomo na koo vimefunguka, kama mtu anayetia mvuke kwenye kioo ili akifute. Mara moja au mbili, si zaidi, kisha utulivu tena. "Haaa" ndefu kutoka pumzi ya wastani husogeza makohozi ya chini. Fupi kutoka pumzi iliyojaa hutoa yaliyokwisha kufika juu, na hapo ndipo anapokohoa. Asiyeweza kufungua koo ashike kwa midomo kile kigogo cha katikati cha karatasi za choo, kitamlazimisha. Mzunguko huu huchukua dakika 10 hadi 15, nao hukoma "haaa" mbili zikitoka kavu.

Kupigapiga mgongo kwa viganja vilivyokunjwa kama kikombe bado kunapendwa sana, na jamaa huona kama ndiyo tiba yenyewe kwa sababu kunasikika. Kwa mtu mzima anayeweza kukaa na kufuata maagizo, naiona "haaa" kuwa bora, haina gharama, na anaifanya mwenyewe saa nane usiku. Ukilazimika kupigapiga, iwe juu ya kanga iliyokunjwa, mbali na uti, matiti na figo, angalau saa moja na nusu baada ya kula, na kamwe si kwa anayetema damu au mwenye mifupa iliyodhoofika. Kumwinamisha kichwa chini kuliko kiuno tuliacha siku hiyo hiyo. Alipata kiungulia na kutweta vibaya.

Wiki ya tano ndiyo inayoniuma hadi leo. Mvua ilizidi, akahamisha jiko ndani. Makohozi meupe yakageuka kijani na kuongezeka, akawa hawezi kumaliza sentensi bila kukata. Binti yake alinipigia simu, nami nikamwambia waongeze mizunguko ya makohozi na waje Ijumaa. Ilikuwa Jumatano. Siku hizo mbili zingekuwa za dawa. Alilazwa siku tano. Basi nayaandika waziwazi: makohozi yakibadilika rangi na kuongezeka pamoja na kutweta, mazoezi si jibu, ni hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo midomo ikigeuka buluu, akichanganyikiwa au akisinzia isivyo kawaida, akitema damu, kifua kikimchoma ghafla, au mguu mmoja ukivimba. Na anayewekewa oksijeni, jamaa wasiguse kile kidude cha kuongeza kwa huruma. Kwa mapafu ya aina yake madaktari hulenga asilimia 88 hadi 92 kwenye kifaa cha kidoleni kwa makusudi, kwa kuwa kumjaza oksijeni kunaweza kumfanya alimbikize kaboni dioksidi hadi azimie.

Aliporudi tulibadilisha mpango. Mikono mara moja kwa wiki badala ya mbili, na nusu ya kila kikao ikawa ya binti kujifunza kushika mbavu. Vikao sita vilitosha. Kama tungeanza hivyo, familia ingeokoa vikao vinne na nauli zake, na fedha hizo zingenunua inhela. Familia nyingi huku kwetu hulipia mikono kila wiki huku inhela imekwisha tangu mwezi uliopita. Mkiwa na fedha ya kitu kimoja, nunueni inhela.

Kutembea kulianza na dakika 10 kwenye kivuli, hatua mbili akivuta, nne akitoa, kwa mwendo wa mtu anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Tulipanda kwa dakika mbili kila wiki. Kazi za nyumbani zikafuata kanuni ile ile: pumzi hutoka wakati wa kazi. Anavuta akiwa ameishika ndoo chini, anapuliza anapoinua. Anavuta akiwa amesimama, anapuliza anapanda ngazi. Wengi hufanya kinyume, hubana pumzi wakati wa kuinua, kisha husimama dakika tatu kuitafuta.

Wiki ya 12 hesabu yake akiwa ametulia ilikuwa 19. Kifaa cha kidoleni kilisoma 93, yaani karibu pale pale, na ni vizuri jamaa waelezwe mapema kwamba nambari hiyo huenda isipande. Kilichobadilika ni kwamba hutoka stendi hadi kibandani kwake kwa kusimama mara moja badala ya mara tano. Jiko la nyumbani limehamia nje chini ya upenu. Tanuri la samaki hajaliacha, maana ndilo linalolipa karo. Analiwasha siku mbili kwa wiki badala ya sita, mchana, wakati upepo unatoka ziwani kwenda bara, na kiti chake kipo upande wa ziwa.